Keki za Kahambu zinazofika Butembo bado laini

Saa mbili asubuhi Kahambu yuko nyuma ya kaunta ya duka dogo karibu na metro ya Schuman, Brussels, akibonyeza keki kwa kidole gumba, moja moja, juu ya nailoni yake. Hakuna mteja aliyemwomba afanye hivyo.

Ni keki za Kimarekani, za manjano, zenye krimu nyeupe tumboni. Wanunuzi ni Wamarekani wa ofisi za jirani waliokumbuka kwao. Yeye mwenyewe hazipendi hata kidogo.

"Sukari tupu," anasema akikunja uso. "Lakini haiozake mbio."

Mwaka 1992 Kahambu, ambaye sasa ana miaka thelathini na minne, alimwacha binti yake Mignonne, aliyekuwa na miaka mitatu, kwa bibi ya mtoto huko Butembo, Kivu, mashariki mwa Kongo. Tangu hapo, akisikia tu mtu wa kwao anasafiri, mbio hadi Chaussée de Wavre, barabara ya maduka ya Wakongo, kumkabidhi pakiti sita. Mzigo hupita Nairobi, Kampala, kisha lori la kuvuka mpaka wa Kasindi. Ni wiki tatu, pengine tano, na keki hufika laini.

"Mutoto hajue uso yangu," anasema. "Anajua ile goût, ile utamu. Bon, ni ile tu niko nayo."

Mwaka jana kampuni inayozitengeneza iliuzwa. Wamarekani wameanza kuogopa mafuta, mauzo yakashuka, na wenye mali wapya wakafunga kiwanda kilicholisha Ulaya. Lucien, mwenye duka, alimpa habari hiyo kwa sauti ya kutangaza msiba: zimebaki katoni mbili, basi.

Kahambu hakukubali. Alimwomba Lucien amsomee maandishi ya kwenye pakiti: unga wa ngano, sukari, sharubati ya mahindi, mafuta ya ng'ombe, mayai kidogo, kisha mstari mzima wa dawa za kuzuia ukungu.

Akaenda kupika. Penye mafuta ya ng'ombe akatia siagi nzuri. Penye dawa akaongeza mayai matatu, kwani kwao mtoto aliye mbali hapikiwi kwa ubahili. Keki ikaumuka, ikanukia ngazi nzima. Akamkabidhi Bienaimé, fundi redio aliyekuwa akienda Butembo kumwona mama yake.

Baada ya wiki saba ikaja barua ya Mignonne. Kahambu anaitoa kwenye mkoba, imechakaa kwa kukunjwa.

"Maman, keki yako ilimea ndevu," anasoma. "Bibi alitupia kuku. Miye nililia, nikakula ya katikati, kule hakukuwa ndevu."

Anacheka, kisha anaikunja na kuirudisha mkobani. Ana hamu kubwa ya kumwona mtoto huyu, na hafichi.

Dukani zimebaki pakiti kumi na moja. Ndiyo maana anabonyeza: anachagua sita zilizo laini kuliko zote. Faili ya kumleta Mignonne iko ofisi ya uhamiaji tangu 1996. Cheti cha kuzaliwa kimerudishwa mara mbili kwa kukosa muhuri. Cha tatu kimepokelewa, na jibu limeahidiwa mwezi wa sita.

Siku hiyo ikifika, Kahambu anajua atakachobeba kwenda uwanja wa ndege wa Zaventem.

"Haitakuwa hii ya plastiki," anasema. "Nitapika ile yangu ya mayai, asubuhi ile ile, aikule ikiwa moto. Yenye itabakia ioze tu. Kesho yake nitamupikia ingine."