Kogo Alipoipa Filamu Sauti

Majuzi mjukuu wangu, anayesomea mambo ya filamu chuoni, alinijia na kompyuta yake akanionyesha kazi aliyoifanya kuhusu wakulima wa Ziwa, kijiji cha upande wa Eldoret. Mkulima anapita katikati ya mahindi makavu, na unasikia majani yakikwaruza suruali yake. Nikamsifu. Akacheka, akasema, "Kogo, hayo si mahindi. Ni magazeti ya zamani nilikunjakunja mbele ya maikrofoni, ndani ya chumba." Alidhani nitashangaa. Rafiki yangu, mimi nilifanya kazi hiyo kabla baba yake hajazaliwa, tena nikiwa sina meno mawili ya mbele.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu upande wa Kapseret, siku ambazo wazee bado waliiita Eldoret Sisibo. Watu wetu walimlimia, naye akawaacha wachunge ng'ombe wachache. Asubuhi zilinukia moshi wa kuni mbichi na mursik, yale maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Nyanya yangu, niliyemwita Kogo kama ninavyoitwa mimi leo, alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, mkaidi ajabu, asiyeshusha maziwa mpaka aimbiwe. Mimi nilishika ndama, yeye akaimba. "Ng'ombe hukamuliwa masikio kwanza," alikuwa akisema, "ndipo chuchu."

Mwaka mmoja akaja bwana wa kupiga picha za sinema, aliyetaka kuonyesha watu namna ya kukamua kwa usafi. Kogo aliosha mikono, akaosha chuchu kama alivyoagizwa, akaimba tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Bwana yule alipoondoka, Kogo akatangazia shamba zima kwamba sauti yake imeingia kwenye mashine. Hakuna aliyemwambia kwamba mashine ile ilikuwa na jicho tu, sikio haikuwa nalo. Jirani yetu, mama mwenye ulimi mkali, akasema, "Tutaona. Ikiwa ni uongo, asituambie kitu tena." Hilo halikuwa jambo dogo. Kogo hakuwa na mali ya kujivunia, lakini watu wakigombana walikuja kwake, na akisema jambo, limekwisha.

Baada ya mavuno gari la sinema likafika. Jua lilipozama, karani wa sinema akatundika shuka jeupe, akawasha jenereta, akaweka santuri ya tarumbeta kwenye gramafoni na kushika maikrofoni ili atueleze picha. Kogo alikaa mbele kabisa, amejipaka mafuta, shanga zote shingoni. Mara akatokea kwenye shuka, mkubwa kuliko nyumba yetu. Tukapiga kelele za furaha. Kisha tukatulia, maana midomo yake ilikuwa inaenda, na kilichotoka ni tarumbeta.

Jirani hakungoja. "Na anatafuna nini huyo? Mahindi ama?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilimwona Kogo akiinamisha macho, na uchungu nilioupata nikiukumbuka hata leo naumia.

Nilidhani ataondoka. Wapi! Aliinuka akamwendea karani. "Kijana, zima hiyo tarumbeta. Rudisha mimi mwanzo."

"Mama, wakubwa wangu hawawezi kubali."

"Wakubwa wako walikunywa maziwa yangu hapa. Rudisha."

Karani naye alikuwa mtoto wa mama fulani. Akairudisha filamu, akampa maikrofoni. Kogo hakuanza. "Siwezi imba bila maziwa," akasema. "Wewe, kuja hapa na kibuyu."

Huyo "wewe" ni mimi. Nilikimbia nikaleta kibuyu, nikajaza maji mdomoni, nikachuchumaa karibu naye. Kila mkono wake wa kwenye shuka ulipovuta, niliyarusha maji ndani ya kibuyu kupitia ule mwanya niliokuwa nachekwa nao shuleni: chwaa, chwaa, chwaa. Kwenye spika yalitoka maziwa matupu, hata mimi nikaamini. Na Kogo akaimba, akiifuata midomo yake mwenyewe, asiiache hata mara moja.

Halafu tukasikia mlio kutoka bomani, miiba ikivunjika, na ng'ombe mwekundu, ambaye tulikuwa tumeshamkamua jioni ile, akapasua katikati ya watu na kusimama mbele ya shuka, maziwa yakimdondoka.

"Wacha!" karani akasema. "Hata mwenye wimbo amekuja!"

Ukweli ukawa umesimama pale kwa miguu minne. Jirani ndiye aliyenipokonya kibuyu, akamwaga yale maji yangu, akachuchumaa na kumkamua yule ng'ombe huku Kogo akiimba. Alipomaliza alisema polepole, "Mama, nimenyamaza."

"Usinyamaze," Kogo akamjibu. "Itikia."

Akaitikia, na uwanja wote ukaitikia naye. Rafiki yangu, tuliimba mpaka jenereta likaisha mafuta, na hata hapo hatukuacha.

Sasa pale malishoni pamejaa nyumba za kupanga. Ng'ombe wanakamuliwa na mashine inayonguruma kama pikipiki, na kibuyu kimekuwa pambo la sebuleni. Kogo alishatutoka zamani. Ile filamu, ikiwa bado ipo, imefungiwa kwenye kabati la mtu huko ng'ambo, na ndani yake Kogo angali anatafuna. Hilo liliniuma nilipokuwa namsimulia mjukuu wangu.

Akawasha kinasa sauti chake, akaniuliza kama ule wimbo bado naukumbuka. Nikamcheka. Nikamwambia atoe kibuyu pale ukutani, na aniletee maji kwenye kikombe. Meno ya mbele yameng'oka tena, na mwanya wangu umerudi.