Siku Baba Alipochota Maji Mwenyewe

Harufu ya sabuni ya unga, ile yenye maua inayopanda puani kabla pakiti haijafunguka vizuri, hadi leo inanipandisha hasira. Watu wengine wakiinusa husema nyumba inanukia usafi. Mimi namwona baba yangu amepiga magoti kwenye saruji ya baraza letu, hapa hapa Bunia, ameingiza pua ndani ya pakiti, amefumba macho, anavuta pumzi taratibu. Mama yangu hakuwahi kunuswa hivyo. Nalisema bila haya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Baba aliuza vipuri vya pikipiki kando ya barabara ya kwenda Komanda. Yeye na Mama walihamia huku kutoka Butembo kabla sijazaliwa. Mashine ya kufulia aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Ilikuwa nyeupe, ina mlango wa kioo mbele na vitufe ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa, na kila asubuhi Baba aliipangusa vumbi kwa kitambaa laini kabla hajanywa chai. Sabuni zake alizifungia kabatini. Ya Kampala yenye punje za buluu ilikuwa ya mashati, ya limau ilikuwa ya mashuka, na ile ya maji, nzito, iliyotoka Dubai, aliifungua mbele ya wageni wa maana tu, wainuse kidogo, kisha akaifunga. Alinifundisha kuzitambua nikiwa nimefumba macho. Nikipatia, alicheka akanipigapiga begani, nami nilijiona mtu. Lakini sabuni ya kipande, ile ya manjano ya mafuta ya mawese ambayo Mama aliitumia, aliiita sabuni ya mbuzi. Akiikuta kwenye beseni, aliitupa uani.

Sasa sikilizeni jinsi mashine hiyo ilivyofua. Bomba letu lilikuwa kavu mwaka mzima, kwa hiyo mimi na Mama tulishuka bondeni kwenye chemchemi. Mama alibeba bidoni, dumu la maji, mgongoni, kamba imemkaa kwenye paji la uso kama wanavyobeba wanawake wa kwao, nami nikamfuata na kibidoni changu. Tukifika nyumbani, Mama alimimina maji kwa jagi kupitia kidroo cha sabuni, huku Baba ameweka sikio kwenye bati, ameinua mkono: “Bado. Bado. Basi!” Halafu jenereta ikawashwa, moshi ukajaa uani, na majirani wakaja kukaa kwenye benchi kutazama nguo zikizunguka. Wakati wa kusuuza, tulirudi tena bondeni. Baba aliwaambia wageni, “Siku hizi bibi yangu hana kazi tena,” nao wakacheka, Mama amesimama pale na gauni limemganda mgongoni kwa maji. Mwenyewe hakuwahi kuchota hata kikombe. Alisema mikono yake ni ya ufundi.

Mama alikuwa na kitu kimoja tu chake, nacho ni sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani alilaza vikwembe, vitenge vya waksi ambavyo dada zake walimletea kimoja kimoja kutoka Butembo. Havikuwa vya kuvaa. Kikwembe kipya hakiguswi na maji, na kila mwanamke wa hapa anajua hilo tangu utotoni. Mnunuzi hukishika kwa vidole viwili asikie kama bado ni kigumu, hutazama mng'ao wake, hutafuta karatasi ya kiwandani iliyobandikwa pembeni. Kikishalowa hata mara moja, kinakuwa mtumba, na hakuna atakayekinunua kama kipya. Mama aliviwekea nafthalini, akavifunika na shuka, akangoja. Mwaka ule mama mmoja aliyekuwa anarudi Bule kulima alimwachia meza yake sokoni. Mama angeanza kuuza Jumatatu. Niliwahi kumkuta chumbani ameinama juu ya sanduku, anajisemea mwenyewe maneno ya kuita wateja, na aliponiona alicheka mpaka akajifunika uso. Sijui kama niliwahi kumwona amefurahi namna ile tena.

Baba alipoambiwa, hakukataa. Alisema, “Tutaona.” Akaendelea kupangusa mashine yake.

Jumapili ile hakwenda kanisani, alisema kichwa kinamuuma. Tuliporudi, tulisikia jenereta tangu njiani, na nje ya lango harufu ikatupokea, ile nzito ya Dubai. Kwenye kamba, kuanzia mpapai hadi pembe ya jiko, vilikuwa vimetundikwa vikwembe vyote vya Mama, vimelegea, vinachuruzika. Karatasi zake zilikuwa zimeganda kwenye kioo cha mashine vipande vipande. Majirani walikuwa wameshajaa. Mwanamke wa nyumba ya pili alimshika Mama mkono kwa nguvu.

“Mama Kavira, weye iko na bahati! Bwana yako anakufulia bikwembe? Yangu ule anajuaka tu kuchafua!”

Alijua vikwembe, lakini hakujua kwamba hivi vilitoka sandukuni, vipya vya kuuza. Wengine wakapiga makofi. Baba alikuwa anajifuta mikono, anatabasamu kama bwana harusi. “Mu sanduku mulikuwa harufu mubaya,” alisema. “Nimekusaidia kazi.”

Mama alitazama kamba, kisha akatazama bidoni zilizopangwa tupu kando ya mashine. Akauliza kitu kimoja tu.

“Mayi, ulichota weye mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe.”

Watu wakazidi kumsifu. Mama akawashukuru, mmoja mmoja, kwa adabu, maana angefanya nini? Mwanamke anayelia kwa sababu mumewe amemfulia nguo ataeleza nini mbele ya watu? Nilitaka niing'ate ile mikono ya ufundi hadi itoke damu. Kuna ndugu wanaosema hadi leo kwamba Baba alikosea tu, kwamba mwanamume hajui mambo ya vikwembe. Hawakuziona bidoni. Mtu ambaye hajawahi kuchota maji akishuka bondeni na kupanda, tena na tena, hadi vikwembe vyote vilowe, huyo anajua anachokifanya.

Meza ya sokoni ilichukuliwa na mwingine. Mama alivivaa vikwembe vile nyumbani, jikoni, shambani, kimoja baada ya kingine, mpaka vikachakaa. Kimoja, chenye ndege wa kijani, alikichana siku ile ile ya Jumatatu aliyokuwa aanze kuuza, akamkabidhi Baba kipande. “Cha kupangusia mashine yako,” alimwambia. Baba alikipokea, akapangusia. Mama alifariki bila kuuza hata kikwembe kimoja.

Leo mashine ile ni sanduku la kutu ambamo kuku hutaga, na Baba amezeeka, anaishi kwangu. Mimi nina yangu, mpya, na tangi la maji juu ya paa, hakuna anayeshuka bondeni. Ikianza kuzunguka, Baba husogeza kiti karibu, huweka sikio, na maji ya kusuuza yakitaka kuingia huinua mkono kama zamani. Nguo za mume wangu zinaingia humo, na za watoto. Za Baba nazifua uani kwa mkono, kwa sabuni ya mawese. Nampelekea zimekauka, zimekakamaa, naye hunusa kola ya shati, halafu hulivaa.

Wiki iliyopita alipata ujasiri wa kuuliza. “Kavira, manguo yangu hayawezi kuingia mule?”

“Imejaa, Baba.”

Mlango wa kioo ulikuwa wazi mbele yake, ndani hamna hata soksi. Nikachukua beseni, nikaenda kuchota maji mwenyewe.