Ufa Chini ya Chaki

Radiša ndiye aliyeufunika ufa wa bastola kwa msasa, kisha akagonga muhuri wa Draginja juu ya kazi ambayo Draginja hakuigusa. Siku ya majaribio bastola ikapasuka, kipande cha chuma kikamchana shavu aliyekuwa akiipiga, na kiwanda cha silaha kikamfukuza Draginja. Ndivyo ilivyokuwa. Asiyetaka kusikia na azibe masikio.

Muhuri ulikuwa kijiti cha chuma chenye herufi moja nchani. Kila mng'arishaji alikuwa na wake, na Draginja alizoea kuuacha juu ya meza alipokwenda kula. Nani angeuiba? Nyapara alikuwa Radiša, na Radiša ndiye baba wa ubatizo wa Ognjen, mwana wa Draginja.

Hapo ndipo alipofungwa mdomo. Katika mji wa Kragujevac mtu anaweza kumshtaki ndugu yake wa tumbo moja na bado akaalikwa arusini. Lakini amshtaki aliyemshikia mtoto mbele ya padri, hata jirani aliyezoea kumwomba chumvi atapita upande wa pili wa barabara. Mama mkwe wake alimwambia ameze, maana ukoo wa ubatizo hauvunjwi kwa ajili ya chuma. Akameza. Wenzake wa meza, waliojua fika nani alifanya nini, wakatazama viatu vyao. Tangu hapo akawa mpiga deki wa ngazi za maghorofa ya watu, na waliopanda ngazi hizo walimsalimu kama wanaosalimu ndoo.

Vladeta ndiye aliyemtoa huko. Alikuwa na karakana ndogo nyuma ya nyumba yake, akinunua bastola kuukuu zilizotolewa kwenye maghala ya jeshi na kuzifanya ziuzike tena. Alihitaji mikono inayojua kutu. Lakini siku ya kwanza alimwambia Draginja bila kuzunguka kwamba mikono yake anaitaka, muhuri wake hapana, maana mji bado unakumbuka. Basi Draginja akawa anakagua, anasugua, anapaka dawa ya weusi ya kuzuia kutu, na kila bastola ikitoka inatoka na herufi ya Vladeta. Aliwahi kumwomba Vladeta amruhusu muhuri wake mwenyewe, siku ya sikukuu ya mtakatifu wa nyumba ya Vladeta, kwa heshima zote, mkate ukiwa mezani. Vladeta akamjazia glasi ya rakija, pombe kali ya matunda, akauliza habari za Ognjen.

Kisha asubuhi moja ya Machi, Radiša akaingia na bastola ndani ya kitambaa. Siku hizi alikuwa mchuuzi wa silaha za zamani.

"Mama Ognjen," alisema, "mikono bado ipo?"

"Ipo. Hiyo hukuichukua."

Radiša akacheka, kama mtu anayeicheka mvua ya watu wengine. Akaeleza kwamba kuna mkwaruzo mdogo tu, karibu na tundu linalotema maganda ya risasi. Apitishe msasa laini na kupaka weusi, mnunuzi anakuja mchana. Vladeta, aliyekuwa jikoni pale pembeni akichemsha kahawa, akaitikia kwa kichwa.

Draginja akahakikisha haina risasi, akaifungua, akakibana kile kipande cha juu kwenye jiliwa, katikati ya mbao mbili. Palikuwa na ukingo uliochongoka. Akaulaza kwa tupa, akisukuma upande mmoja tu. Palikuwa na vishimo vya kutu. Vile vya juujuu akavisugua, vile vya kina akaviacha, kwa sababu kovu la uzee halimuui mtu. Alipofika kwenye mkwaruzo akaweka msasa chini. Mkwaruzo una mdomo, kucha hukwama humo. Huu haukuwa na mdomo.

Akaupaka mafuta ya taa, akasubiri, akakausha vizuri, halafu akasugua chaki juu yake mpaka chuma kikawa cheupe.

"Unatengeneza bastola au unakanda unga wa pita?" akauliza Radiša.

Draginja akakikazia macho chuma. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yakaanza kupanda kwenye chaki, polepole, yakachora mstari mweusi mwembamba kama unywele. Radiša akauona. Akainama karibu, sauti ikashuka.

"Mzazi mwenzangu, tusivunjiane heshima. Hili ni letu sisi wawili."

Maneno yaleyale aliyomwambia siku ya kufukuzwa, kwa sauti ileile. Draginja alijua kwamba akinyamaza atabaki mikono bila jina mpaka kaburini, na akisema huenda Vladeta asimwamini, arudi kwenye ndoo. Akageukia jikoni.

"Vladeta," akasema, "njoo utazame. Huu ni ufa. Na ule wa kiwandani ulikuwa hivihivi. Yeye ndiye aliyeufunika, akagonga muhuri wangu mimi nilipokwenda kunywa supu."

Vladeta akaja. Akafuta chaki, akapaka mafuta, akakausha, akapaka chaki tena kwa mkono wake mwenyewe. Mstari ukarudi palepale. Akautazama muda mrefu kuliko ulivyohitaji kutazamwa.

"Kunywa kahawa yako, Radiša," akasema. "Kisha chukua chuma chako. Humu hakitengenezwi."

"Mbona unamwacha mwanamke amtukane baba wa ubatizo wa mwanawe?"

"Baba wa ubatizo huwekwa amtunzie mtoto mkate," akasema Draginja. "Wewe ulimpokonya."

Radiša akaondoka bila kuigusa kahawa.

Vladeta hakuomba radhi. Wanaume wa huko huomba radhi wakiwa wamelewa tu. Kesho yake akaweka kijiti cha chuma mbele ya Draginja, akamwambia achonge herufi yake. Akaichonga, ile D ya maandishi ya kwao, yenye miguu miwili. Akaigonga juu ya bastola yenye kovu moja la kutu, akampigia simu Ognjen na kumsimulia yote.

"Umechelewa, mama," mwanawe akamwambia, "lakini umefika. Mimi nimekusubiri."

Usiku ule Draginja alilala usingizi mzuri. Lakini deni halijalipwa. Radiša anadaiwa sentensi moja, kwamba ufa ulikuwa wake na muhuri aliuiba, na anadaiwa aiseme mchana kweupe, mbele ya wote waliokuwa zamu ile. Nao wanadaiwa na Draginja kitu kimoja: waseme kwamba walijua.