Mwanamume wa Kando ya Gari

Sebuleni kwetu Kamuli, juu ya mlango wa chumba cha baba, kuna picha ya mwanamume aliyesimama kando ya gari la kizamani, mkono mmoja ameuweka juu ya madigadi. Tuliambiwa huyo ni babu, dereva wa kwanza katika ukoo wetu, aliyefariki baba akiwa bado ananyonya. Kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, baba alikuwa akifuta kioo cha picha na kusema taratibu, "Shikamoo, baba." Alikuwa amepita miaka themanini na hajaacha.

Mwaka jana, nilipostaafu ualimu, nilianza kuandika habari za ukoo. Nilitaka kujua lile lilikuwa gari gani. Nikaipiga picha kwa simu na kuipeleka gerejini kwa fundi mmoja mzee wa Kayanga, mtu anayependa magari ya kale kuliko chakula. Aliikuza kwa vidole viwili.

"Mwalimu, babu yako alizaliwa lini?"

Nilimwambia cheti chake cha ubatizo kinaonyesha alizaliwa baada ya Vita ya Kwanza, Waingereza wakiwa wameshaingia.

"Basi huyu siye."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Tazama rejeta, ni ya shaba. Spoku ni za mti. Taa hizi hazina waya, zinawaka kwa gesi. Gari la namna hii liliundwa kabla ya hiyo vita."

"Lakini gari hudumu. Labda babu aliliendesha likiwa kuukuu."

"Kuukuu gani? Tairi bado nyeupe, hazijaona tope. Halafu tazama nyuma yake."

Nyuma ya gari kulikuwa na ukungu ambao tangu utotoni niliuona kama vilima vya kwetu. Alipoukuza, niliona madirisha, na juu yake madirisha mengine. Yalikuwa majumba ya ghorofa, yamepangana barabara nzima. Nilikaa juu ya tairi bovu lililokuwa pale gereji.

Siku hiyohiyo nilipanda pikipiki hadi Kanoni kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Nilimkuta akigeuza kahawa kwenye turubai. Nilimwamkia, nikamuuliza mtu wa kwenye picha ni nani. Hakuniuliza picha ipi.

"Simjui," alisema. "Hakuna anayemjua."

Alisogeza kahawa kwa mkono, kisha akaeleza. Bibi alinunua fremu kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa asili ya pwani, ili aweke cheti chake cha ndoa. Ndani ya fremu mlikuwa na picha hiyo.

"Kabla hajaitoa, baba yako akaja. Alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anaanza kuuliza maswali. Akanyoosha kidole, akasema, huyu ndiye baba? Mama alishindwa kusema hapana. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza."

"Miaka yote hii, shangazi?"

"Ungemwambia lini wewe?"

Nilirudi nyumbani nikiwa kama mtu aliyepigwa kofi. Wanangu mwenyewe nimewafundisha kuisalimia sura ile.

Kwa wiki nzima sikuandika habari za ukoo. Mwishowe nilimweleza baba, tukiwa wawili tu nyuma ya nyumba, kibanjani, shambani mwetu. Nilitegemea akasirike, au akatae. Alitazama migomba, mdomo wazi kidogo, mpaka nikaogopa.

"Kwa hiyo sijawahi kumwona," alisema.

"Hujawahi, baba."

Akaomba nimpigie dada yake. Niliweka simu kwenye spika, nikaishika katikati yetu.

"Dada," alisema, "baba alikuwaje?"

Shangazi akaanza.

"Alikuwa mfupi. Alikuwa na mwanya, kama wako. Akitembea alitanguliza bega la kushoto. Kuimba hakujua, lakini aliimba kutwa nzima."

Baba aligusa meno yake kwa kidole.

"Endelea," alisema.