Mwaka Naïg Alipoazima Pua

Naïg Quéméré alikuwa na miaka sitini na minane ugonjwa ulipomchukulia pua. Si pua yenyewe, maana ile pua ndefu ya kina Quéméré ilibaki palepale usoni, nyekundu kwa upepo wa Februari. Kilichoondoka ni harufu. Alilala siku tisa kwa homa, na siku ya kumi alipoinuka kuchemsha kahawa, aliinamia kikombe akakuta maji ya moto tu.

Mwanzoni hakushtuka. Mafua huziba pua za watu wote. Wiki ya tatu ndipo hofu ilipomwingia, maana mafua yalikuwa yamekwisha, anapumua vizuri, na bado sabuni haina harufu, mkate hauna harufu. Daktari alimwambia hali hiyo huweza kwisha baada ya mwezi, au mwaka, au isiishe kabisa. Naïg alimshukuru, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu.

Kwa mwingine ingekuwa huzuni. Kwa Naïg ulikuwa msiba. Shamba lake lipo kwenye mwinuko juu ya ufuko wa Cap-Coz, mitufaha mia nne inayotazama bahari, na nyumba ile imetengeneza mvinyo wa matufaha tangu enzi za babu yake. Baba yake aliutengeneza, kisha mumewe Alour, na tangu Alour alipofariki, miaka tisa sasa, yeye peke yake. Oktoba matufaha huokotwa na kukamuliwa. Majira yote ya baridi juisi huchachuka polepole kwenye mapipa. Karibu na Pasaka ndipo inapokuja kazi yenyewe: kunusa kila pipa, kuamua lipi lichanganywe na lipi na kwa kiasi gani, kisha kutia kwenye chupa. Ulimi unajua utamu, uchungu na ukali. Mengine yote ni ya pua. Watu wa Fouesnant, mji wetu, walikuwa wakisema Naïg akinusa glasi moja anaweza kukwambia matufaha yake yaliokotwa kabla ya mvua au baada yake, na hawakuwa wakitania.

Pasaka ikafika, na pamoja nayo Solange. Solange Barrault alikuwa karani mstaafu wa posta huko Orléans, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipanga chumba cha juu nyumbani kwa Naïg kila Pasaka na kila kiangazi. Alikuwa mtu wa bara, na kama watu wengi wa bara aliipenda bahari kutushinda sisi wenyewe wa pwani. Aprili, maji yakiwa baridi kama kisu, yeye hujitosa, hutoka amekuwa mwekundu kama kaa, kisha huja jikoni kula chapati za maji na siagi ya chumvi.

Asubuhi ile aliingia jikoni nywele zikimtiririka maji, akasimama mlangoni.

"Dada Naïg, unaunguza."

Naïg alikuwa hatua moja kutoka kwenye jiko la moto, amegeukia dirisha. Nyuma yake chapati ilikuwa nyeusi tititi na moshi umejaa hadi darini.

"Nilikuwa na mawazo," alisema, akafungua dirisha.

Kesho yake Naïg alimpeleka ghalani kama kila mwaka, akamchotea glasi ya mvinyo kutoka pipa la nne, na Solange aliuzungusha mdomoni, akaumeza kwa adabu.

"Vipi?"

"Mzuri."

"Solange."

"Basi mimi sijui mambo yenu, dada. Ila huu unanuka kama kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa ndooni."

Naïg alikaa juu ya kreti. Ulimi wake haukuwa umemwambia lolote kuhusu pipa lile. Mbao zilikuwa zimeota ukungu kwa ndani, na yeye alikuwa amepanga kulichanganya na matano yaliyobaki asubuhi inayofuata. Angeuharibu mwaka mzima kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo alipomweleza mwenzake kila kitu, tangu siku ya kikombe. Solange alilia. Naïg hakulia.

"Nitakunusia mimi," Solange alisema.

"Wewe unajua harufu mbili, nzuri na mbaya. Nahitaji anayejua mia."

"Na yuko wapi huyo?"

"Yuko kilomita mbili kutoka hapa. Sijasema naye miaka tisa."

Huyo alikuwa Herlé, mdogo wake marehemu Alour, mtengenezaji mvinyo mwenye shamba upande wa pili wa kijito. Siku ya mazishi ya kaka yake, watu wakiwa wamekaa mezani na mvinyo wa mwisho wa Alour umemiminwa, Herlé alionja, akaweka glasi chini, akasema mbele ya watu wote, "Mchachu." Naïg aliinuka, akamfungulia mlango atoke. Tangu siku hiyo wakikutana kanisani kila mmoja hutazama mshumaa wake.

Naïg alimkuta uani kwake akisuuza chupa, mikono imevimba kwa maji baridi.

"Kumbe njia ya kwangu bado unaijua," Herlé alisema bila kuinua kichwa.

"Njia haijahama, shemeji."

"Na ule ulimi wako wa wembe, unao?"

"Ulimi ninao. Kilichonipotea ni pua."

Herlé alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Tangu lini?"

"Februari. Nataka uniazime yako kwa siku tatu."

"Unajua Julai tunashindana kwenye sikukuu, mimi na wewe."

"Najua."

"Naweza kukwambia pipa bovu ni zuri, na hutajua."

"Mtu aliyesema mvinyo wa kaka yake ni mchachu, jeneza halijapoa, hawezi kunidanganya mimi. Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa wale wanaonisifu."

Herlé alisuuza chupa mbili zaidi. Halafu akajifuta mikono.

"Nilikosa siku ile," alisema.

"Ulikosea siku tu. Mvinyo ulikuwa mchachu kweli."

Alikuja siku tatu mfululizo, saa mbili asubuhi, na viatu vyake vya mbao. Pipa la nne alilifungua, akakunja uso, na wakalimwaga mtaroni bila mjadala. Mengine waliyapitia moja moja. Herlé ananusa, Naïg anahoji kama hakimu.

"Ngozi," anasema Herlé.

"Ngozi ipi? Ya kiatu kipya au ya farasi aliyetoka kazini?"

"Ya farasi."

"Mzee au kijana?"

"Shemeji, mimi nimekuja kunusa, sikuja kuoa."

Solange, aliyekuwa akiandika maneno yao kwenye daftari, alicheka hadi kalamu ikamdondoka. Lakini kazi haikuwa mzaha. Naïg alifumba macho kila Herlé aliposema neno, akiitafuta harufu hiyo kwenye kumbukumbu, akiipanga na nyingine kichwani kama mshonaji anayepanga vipande ambavyo hajavigusa. Siku ya tatu waligombana juu ya pipa la sita. Herlé alitaka liachwe nje kwa sababu lilinuka majani makavu. Naïg akasema ulimi wake umekuta uchungu mzuri mle, na kwamba majani yale yatalala yakikutana na utamu wa pipa la pili. Herlé akasema huo ni ukaidi wa kina Quéméré. Naïg akachanganya. Herlé akanusa, akanusa tena, akasema, "Haya."

Julai, kwenye sikukuu ya mitufaha, wanawake wamevaa kofia zao za lesi na wageni wamepanda kutoka ufukoni na mchanga miguuni, waamuzi walitangaza. Wa tatu, Herlé. Wa kwanza, Naïg. Alipopewa kipaza sauti, Naïg, ambaye hajawahi kusema mbele ya watu zaidi ya ahsante, alisema hivi: "Mwaka huu sinusi kitu. Pua iliyochagua mvinyo huu ni ya shemeji yangu, yule pale anayejificha nyuma ya mti. Mpigieni makofi yeye."

Makofi yakaanza nyuma na kuja mbele. Wengi wetu ndio kwanza tulijua siku hiyo. Tulikumbuka kwamba tangu baridi hakuwa amelalamika hata mara moja, na kila aliyekwenda kwake alikuta mezani chakula alichopika bila kukinusa.

Herlé alimsogelea na glasi yake mkononi. "Pua ni moja. Mbona wangu wa tatu?"

"Kichwa, shemeji," Naïg alimwambia.

Mwaka ukapita hivyo, na Pasaka nyingine. Agosti iliyofuata bahari ilileta mwani mwingi, ukalundikana mwisho wa ufuko wa Cap-Coz, na jua likauozesha. Wageni walikuwa wakikunja mataulo na kuhama. Solange, skafu puani, alimvuta Naïg mkono.

"Twende ufuko mwingine, dada."

Naïg hakusogea.

"Mwani unanuka," alisema.

"Unanuka sana, ndiyo maana nasema twende."

"Solange. Unanuka."

Solange alishusha skafu. Walisimama mbele ya lundo lile wameshikana mikono, Naïg akivuta pumzi ndefu ndefu, machozi yakimtoka, hadi mwanamume mwenye trekta alipokuja kuuzoa mwani akawauliza kama wamepoteza kitu.

Nyingine zilirudi mojamoja: vitunguu mwezi wa tisa, nyasi zilizokatwa, mbao mbichi. Kabla ya Pasaka Naïg alikwenda tena upande wa pili wa kijito.

"Si umepona?" Herlé aliuliza.

"Nimepona. Njoo hivyo hivyo."

Akavaa viatu vyake vya mbao, wakashuka pamoja, na kabla hawajafika ghalani walikuwa wameshaanza kubishana juu ya pipa la kwanza.