Nilivyopata Kazi ya Vichaa

Nimewauguza wagonjwa wa akili karibu maisha yangu yote, na naweza kuapa kwamba sikuwahi kukutana na mtu aliyepelekwa kwenye kazi hiyo kwa sababu anaiweza. Darasani kwetu mmoja aliletwa kwa ajili ya mabega yake. Alikuwa mchukuzi wa magunia stesheni, mkubwa fulani akaona atafaa kukandamiza watu. Mwingine alimjibu vibaya bwana wa chumba cha upasuaji, akaletwa kwetu kama mtu anavyopelekwa kifungoni. Wa tatu alishindwa mtihani wa maabara mara mbili. Hao ndio waliokuja kuitwa wataalamu. Walipostaafu kila mmoja alipewa hotuba na saa ya ukutani, na mimi nilipewa yangu. Saa hiyo haikumaliza mwaka.

Mimi nilikuwa mbaya kuliko hao wote, kwa kuwa wao walitupwa huko na wengine. Mimi nilijipenyeza.

Miaka ya hamsini, reli ya Mpanda ilipokuwa bado mpya, nilikuwa dresa katika zahanati moja pale mjini. Kazi yetu ilikuwa kuosha vidonda na kufunga bendeji. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mfipa, amenizidi miaka kama sita, mwandiko wake ovyo na Kiingereza hana hata cha kuombea maji. Mimi nilikuwa nacho kidogo, cha shule ya misheni, na nilikuwa nikikivaa kama kofia.

Vichaa waliletwa kwetu wakiwa wamefungwa kamba, kutoka Kabungu, Mwamkulu, wengine huko Ikola ziwani, wasubiri treni ya kuwapeleka kwenye hospitali yao. Waliwekwa katika chumba cha nyuma. Bwana mganga, Mwafrika mwenzetu aliyekuwa mkubwa wa zahanati, alikuwa akipita mlango ule kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua. Mwenzangu aliingia, akakaa chini, akawafungua kamba, akaongea nao mpaka wakala. Nilikuwa nikimcheka. Nilidhani anakwepa vidonda.

Ndipo ikaja barua kwamba zahanati itoe mtu mmoja wa kusomea uuguzi wa wagonjwa wa akili, na daktari wa jimbo, Mzungu, angekuja mwenyewe kumchagua. Mwenzangu alifurahi hata akashindwa kuficha. "Hii ndiyo kazi yangu, mdogo wangu," aliniambia. "Hata bila kusoma naifanya, je, nikisoma?" Mimi vichaa sikuwapenda hata chembe. Nilichokitaka ni tikiti ya treni na sare nyeupe, na kutoka katika harufu ya usaha.

Siku hizo tulikuwa na Mnyamwezi mmoja, mfanyakazi wa machimboni, aliyekuwa amegoma kula na kusema. Alilala ameelekea ukutani, sasa siku ya tatu. Asubuhi daktari alipofika, sote tukamfuata hadi chumba cha nyuma, na mwenzangu alikuwa humo na bakuli la uji.

"Amka, we Mnyamwezi!" alikuwa akifoka. "Babu zako walibeba mizigo mpaka pwani, leo uji tu umekushinda kuubeba mpaka mdomoni? Haya, kufa basi. Nitakuzika kichwa chini, kuku wako nitawala mimi, na mkeo nampeleka Ufipa akanichotee maji!"

Yule mgonjwa akageuka taratibu. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Utanizika wewe? Nyie Wafipa hata shimo la choo hamjui kuchimba." Akaketi. Akachukua bakuli.

Mtu yeyote aliyelelewa nchi hii angeelewa alichokiona. Mfipa na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana haki ya kukutukana hata mbele ya maiti ya mama yako, nawe huna haki ya kunyamaza. Mwenzangu alikuwa ameikumbuka haki hiyo wakati sisi wengine tunatafuta kamba.

Daktari alikuwa hajui Kiswahili zaidi ya lete, ondoa na upesi. Akanigeukia mimi. Anasema nini huyu? Nikamtafsiria, neno kwa neno, bila kosa. Nikasema anamwambia mgonjwa afe, kwamba atamzika kichwa chini, atakula kuku wake na kumchukua mke wake. Nilijua sentensi moja tu ingetosha kumfafanulia. Niliiunda kabisa kichwani, kwa Kiingereza safi, nikaimeza. Bwana mganga naye alielewa kila kitu, akatazama viatu vyake.

Daktari akawa mwekundu. Uji ulikuwa unaisha mbele ya macho yake, lakini hakuuona. Aliandika palepale, akauliza jina langu na urefu wangu, na maisha yangu yakapangwa hivyo. Kwa elimu yote aliyokuwa nayo, alichagua mwongo kwa sababu alimwelewa.

Niliondoka kwa treni ileile na yule Mnyamwezi, nimekabidhiwa yeye njiani. Mwenzangu alikuja stesheni na karanga za kuchemsha zimefungwa kwenye jani la mgomba.

"Ulimweleza bwana mkubwa kwamba yule ni mtani wangu?" akaniuliza.

"Nilimweleza, kaka. Hakutaka kusikia."

"Wazungu ndivyo walivyo. Lakini asante kwa kunitetea." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Huyu usimfunge. Akigoma kula, mtukane kidogo."

Tulipoupita mji mgonjwa akakataa karanga. Nikajaribu. Nikamwambia nitamzika kichwa chini, nikamtaja na mkewe, sauti ileile, maneno yaleyale. Akaniangalia, macho yake yakiwa na akili timamu kuliko yangu.

"Wewe kabila gani?"

"Mbende."

"Mimi na wewe hatutaniani," akasema. "Kwa hiyo umenitukana."

Akageukia dirishani. Hakula tena mpaka nilipomkabidhi, na kwenye fomu, penye nafasi ya maelezo ya muuguzi, niliandika kwamba mgonjwa ni mkaidi.