Kiti cha Taniboi

Baba yangu alikuwa na hadithi moja tu, na Msambweni nzima ilikuwa imeichoka. Kabla ya vita vya pili vya dunia alifanya kazi Nairobi, kwenye gereji ya Mzungu aliyekuwa akishindana kwa magari. Gari lenyewe lilikuwa na viti viwili, cha dereva na cha taniboi, na taniboi alikuwa yeye. Kazi yake ilikuwa kusukuma petroli kwa pampu ya mkono ili injini isizimike, na kutazama nyuma. Akiona gari jingine linawakaribia, humgonga dereva begani mara mbili, naye dereva husogea kushoto kulipisha. Walishinda mara moja tu. Dereva akapigwa picha na gari, na baba hakutokea pichani kwa sababu alikuwa ametumwa maji.

Barazani walimcheka. Kidole chake cha shahada kilikosa kipande cha juu. Yeye alisema kililiwa na feni ya gari hilo, wao wakasema alijikata kwa panga akipasua nazi. "Mzee, wewe unatia chumvi hata pasipo mchuzi," walikuwa wakimwambia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikua nikiamini nusu yake tu.

Nilipokuwa seremala, mwaka uliofuata bendera yetu kupanda, niliitwa Diani kutengeneza madirisha yaliyoliwa na chumvi ya bahari. Mwenye nyumba alikuwa Mzungu mzee aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao. Sebuleni palikuwa na picha ya gari refu lenye mkia uliochongoka, na kijana wa Kizungu amesimama kando yake. Nikamuuliza. Aliponijibu kwamba ni yeye mwenyewe, siku aliyoshinda mbio Nairobi, nikamwambia baba yangu alikuwa taniboi wa gari kama hilo.

Alinitazama kidogo. "Ile ya kidole?" akaniuliza.

Nilisimama pale na bisibisi mkononi, machozi yakinilenga. Baba hakuwa mwongo.

Siku hiyohiyo alitoa kabatini boksi aliloletewa kutoka Ulaya, la vipande vya plastiki vya kuunganisha gari dogo. Gari lilikuwa la kampuni ileile, lakini la kutembeza familia: viti vinne, taa kubwa, na mabawa ya kukinga matope juu ya kila gurudumu. Yeye alitaka liwe lile la picha, bila kosa, aliweke mezani siku ya kuagana na marafiki zake. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hawezi kushika hata wembe.

"Wewe fundi mkubwa, nashinda fundi ya Ulaya," akaniambia. "Siku ile baba yako takuja. Tasimama hapa, karibu na gari. Mimi taambia watu yote."

Hicho ndicho kilemba cha ukoka nilichovishwa, nami nikakivaa kwa fahari.

Nilifanya kazi hiyo barazani kwake wiki sita. Nilikata mabawa kwa msumeno wa waya, nikaondoa taa, nikachonga mkia kwa mti wa msufi. Mianya niliiziba kwa mabaki ya plastiki niliyoyayeyusha katika dawa ya mkewe ya kufutia rangi ya kucha. Spoki za magurudumu nilizisuka kwa mshipi wa kuvulia, moja moja, hadi macho yakawasha. Ukanda wa kufungia boneti niliukata kwenye kandambili yangu ya ngozi.

Tatizo lilikuwa moja. Picha ilionyesha upande mmoja wa gari, na ule wa pili mzee alikuwa ameusahau. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya swala nilirudi Msambweni kumuuliza baba. Alikuwa akifumba macho na kupima hewani kwa shibiri: kutoka kiti hadi pampu shibiri mbili, kutoka pampu hadi breki shibiri moja na vidole vitatu. Nilipima shibiri yake kwa rula, nikapata inchi tisa. Futi ya gari la kweli ilikuwa nusu inchi kwangu, basi shibiri ya baba ikawa robo tatu ya nusu inchi. Nusu ya gari lile imetoka mkononi mwa baba. Hilo nalisema mpaka nife.

Nilimwomba twende Diani akalione. Alikataa. Kwetu, kazi ambayo haijakwisha hufunikwa kitambaa, na haitazamwi na mtu mwenye hamu nayo. "Jicho la hamu linavunja, mwanangu," alisema. "Nitaliona likiwa zima." Nami sikumshika mkono nikampeleka. Safari moja tu ya basi ingetosha, angekiona kiti chake kikiwa wazi, na pampu yake pembeni, ndogo kama punje ya mtama.

Wiki ya mwisho mzee aliniomba kifuniko cha kiti cha pili. Alisema ni cha kuzuia vumbi melini. Nilikikata kwenye bati la mkebe wa majani ya chai, nikakipinda kikafuata umbo la gari, nikakipaka rangi ya kijani ileile ya gari. Kilikaa sawasawa. Nilikifurahia, mpumbavu mimi, nikakiweka kando ya gari na kurudi nyumbani.

Siku ya kuagana baba alivaa kanzu ya Idi. Alikuwa amewatangazia wote barazani, na wote walikuwa wakimsubiri arudi na habari. Tulifika alasiri. Gari lilikuwa juu ya meza, na Wazungu wamelizunguka na vikombe vyao. Kifuniko kilikuwa juu yake. Niliposogea niliona kimegandishwa kwa gundi, na rangi imepakwa upya juu ya kiungo. Palipokuwa na kiti cha baba palikuwa na bati la kijani tu.

Mzee alikuwa akihutubia kwa Kiingereza. Alieleza vumbi, kona, na ushindi. Kisha akasema mbio zile alikwenda peke yake. Kiingereza cha baba kilikuwa cha gereji, lakini kilitosha kuelewa hapo.

Baba alipita katikati ya watu hadi nyuma ya mzee, akanyoosha mkono, akamgonga begani mara mbili.

Na mzee, Wallahi nimeliona kwa macho yangu, alisogea kushoto bila kugeuka. Kisha akageuka. Akamwona baba, akakiona kidole, na uso wake ukawa mwekundu.

"Karibu, mzee," akasema. "Chai iko kule nyuma, kwa jiko."

Nilinyoosha mkono nikibandue kile kifuniko hata kama gari zima litavunjika. Baba akanishika.

"Kifuniko hiki ni kazi ya nani?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. "Ni yangu, baba."

Aliinama akakitazama kwa muda, karibu kabisa. "Kimekaa vizuri," akasema. "Hakina hata upenyo."

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Yule Mzungu nilimchukia, na bado namchukia. Sijui kusamehe, na uzeeni huu sioni haja ya kujifunza. Lakini yeye hakuwa nguoni mwa baba. Aliyekuwa nguoni mwa baba ni mimi.

Tuliporudi Msambweni, barazani walikuwa wametutandikia mkeka. Hata tulikuwa hatujavua viatu, yule jirani aliyekuwa akimdhihaki kuliko wote akauliza, "Haya mzee, kiti chako umekiona?"

Nilijua ni zamu yangu kusema. Lakini ningesemaje kwamba kiti kipo, bila kusema nani amekifunika? Nikajifanya nahangaika na kamba ya kiatu.

Baba aliketi, akaukunja ule mkono wenye kidole pungufu ndani ya kanzu.

"Ilikuwa panga," akasema. "Nilikuwa nikipasua nazi."